Ushindi wa Mezani

Mwaka 2020 timu ya Égide ilichukua ubingwa baada ya kucheza mechi nne. Mechi nyingine sita ilizishinda ikiwa imesimama.

Wakati huo Égide alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuwa mtunza jengo katika Chuo cha Merribrook, chuo kidogo kilichopanga ghorofa mbili karibu na hospitali kubwa ya Westmead, jijini Sydney, na kufundisha watu kazi ya kuhudumia wazee. Alifungua milango saa kumi na mbili asubuhi, akabadilisha taa, akazibua masinki, akahamisha vile vitanda vya mazoezi pamoja na masanamu ya plastiki ambayo wanafunzi huyageuza ubavu huu na ubavu huu wakijifunza kumwogesha mgonjwa. Ukocha ulimwangukia. Mwaka 2016 wanafunzi kadhaa walitaka kuunda timu, fomu ya ligi ikadai jina la mtu anayepatikana siku zote, na pale chuoni mtu pekee aliyepatikana siku zote alikuwa yule anayefunga geti.

Timu yenyewe haikuwa na cha kumpa mchezaji. Vyuo vikubwa vya mjini vilikuwa na vijana wanaosomeshwa bure kwa sababu ya miguu yao. Wanapewa vyumba, wanapewa mtu wa kuwakanda misuli. Merribrook ilimpa mchezaji jezi, na baada ya mechi ikaitaka irudi. Wachezaji walikuwa watu wazima wanaotoka shifti za maghala na za nyumba za wazee, Wakongo na Warundi wengi, Wasudani wawili, Mkenya mmoja. Kwa miaka minne walishika mkia katika daraja la pili la Ligi ya Vyuo, na kwa kuwa chini ya daraja la pili hapakuwa na kitu, walishika mkia kwa amani. Jumamosi walifika tisa, siku mbaya wanane. Waliofika walikimbia, wakafungwa, wakacheka, wakarudi kazini.

Ikaja korona. Mipaka ya nchi ikafungwa mwezi wa tatu, ligi ikasimama, na iliporuhusiwa kuanza tena mwezi wa saba, vile vyuo vilivyozoea kuwachapa Merribrook vikajikuta havina watu. Wachezaji wao walikuwa wanafunzi kutoka ng'ambo. Wengine walikwama kwao, wengine walipanda ndege za mwisho wakarudi kwa wazazi, na waliobaki, akiugua mmoja, wenzake kumi walijifungia ndani wiki mbili. Watu wa Merribrook hawakuwa na pa kurudi. Maghala hayakufungwa, nyumba za wazee hazikufungwa, na kila Jumamosi walifika uwanjani Doonside tisa, siku mbaya wanane, kama kawaida yao. Kanuni ilisema timu yenye watu saba inaruhusiwa kucheza. Ghafla tisa ikawa idadi kubwa.

Kwa hiyo walijipanga mstari katikati ya uwanja, wakasubiri dakika kumi na tano kama kanuni inavyotaka, refa akatazama saa, akatazama upande wa pili ambako hapakuwa na mtu, akapuliza kipyenga na kuandika tatu bila. Ushindi wa mezani. Mara sita. Katika zile mechi nne walizocheza kweli walishinda mbili, wakatoka sare moja, wakafungwa moja. Mwezi wa kumi kikaja kikombe ndani ya boksi. Mikusanyiko ilikuwa imepunguzwa, hivyo hapakuwa na sherehe. Égide alikitilia sahihi mlangoni, pamoja na karatasi za chooni zilizoletwa na gari lilelile.

Kama asingekuwa na kaka, mambo yangeishia hapo.

Kaka yake, Callixte, aliishi Bujumbura, mtaa wa Kamenge. Katika miaka ya themanini alikuwa winga wa kushoto wa timu inayojulikana, na hadi leo watu wa makamo wakimwona barabarani humwita Onze, kumi na moja kwa Kifaransa, kwa namba ya jezi yake. Égide alikuwa mdogo wake aliyekuwa akiokota mipira nyuma ya goli. Vita vilipokuja mwaka 1993, Égide alikimbilia Tanzania akakaa kambini Kibondo miaka kumi na miwili. Hukohuko alicheza mpira, na alicheza vizuri. Timu moja ya mjini ilimwona, ikamwita mazoezini. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, na kibali chake kilipotoka, msimu ulikuwa umekwisha na yule aliyemwita alikuwa amehamia Mwanza. Hakuna mtu wa maana aliyewahi kumwona akicheza. Callixte hasa hakumwona.

Basi kikombe kilipofika, Égide alikiweka juu ya meza ya walinzi, akakipiga picha, akaituma kwa kaka yake na maneno mawili: "Tumechukua ubingwa." Baada ya nusu saa ikarudi sauti ya Callixte kwenye simu, nyuma yake kukiwa na kelele za watu. "Sikieni," ilisema, na ilikuwa dhahiri haisemi na Égide. "Mdogo wangu. Kocha bingwa. Sydney, Australia!" Égide aliirudia ile sauti mara nne akiwa ndani ya stoo ya mafagio. Katika miaka hamsini na mmoja hakuwahi kumsikia Callixte akitamka neno "mdogo wangu" kwa namna ile.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2021 mkuu wa chuo, Madam Lorraine, alimwita ofisini. Watu wote chuoni walimwita Lorraine tu, lakini Égide hakuweza. Yeye naye, kwa miaka saba, alimwita Égide "Eddie". Tangu kikombe kifike alimwita Coach.

"Coach," alisema, "ligi wametuandikia. Wanatutaka daraja la kwanza."

Égide aliisoma barua. Ilieleza kwamba chuo kimoja cha daraja la kwanza kilikuwa kimefunga milango yake kwa kukosa wanafunzi wa nje, kwamba timu zilizobaki zilikuwa tisa, na kwamba tisa ni namba ngumu katika kupanga ratiba. Ubingwa wa Merribrook ulitajwa mwishoni, katika nusu ya sentensi.

"Wametuchagua sisi," alisema Madam Lorraine, ambaye hakuwahi kuona mechi hata moja. "Chuo kidogo hivi, bila ufadhili hata wa mchezaji mmoja! Unajua itakavyosomeka kwenye kipeperushi? Tutapiga kura. Timu nzima. Lakini neno lako ndilo watakalolisikiliza."

Égide alijua kabisa kitakachotokea wakipanda. Alikuwa ameziona timu za daraja la kwanza. Alikuwa amekaa kwenye nyasi siku moja akizitazama zikipasha misuli, na kule kupasha misuli tu kulimchosha. Sababu za kukataa zilikuwa wazi, tena zilitosha kwenye kiganja: hatuna watu, hatuna muda, na wengi tuliowashinda hawakuwepo. Ile ya tatu ndiyo ilikuwa na nguvu, na ndiyo asiyoweza kuisema. Angeitamkaje mbele ya watu ishirini kisha ampigie simu Callixte?

Akaamua kazi hiyo aifanye kupitia watu wengine. Alianza na golikipa, Mbuvi, yule Mkenya, mwenye miaka arobaini na mmoja na goti lililolia kama mlango. Alimkuta nje ya kituo cha treni cha Doonside akitoka shifti.

"Mbuvi, ndugu yangu, nakufikiria wewe. Kule juu wanapiga mashuti makali. Ukisema hutaki, hakuna atakayekulaumu."

Mbuvi aliangalia chini kidogo. "Coach, mimi nishaambia watu nyumbani tumechukua kikombe. Machakos yote inajua. Sasa niwaambie tumepewa daraja la kwanza, nikakataa? Wataniuliza kwa nini."

"Utawaambia kwa nini?"

"Ndiyo maana siwezi kukataa."

Nahodha, Dieudonné, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi ghalani, alikuwa na habari ileile kwa maneno mengine. Picha yake akiwa ameshika kikombe ilikuwa imebandikwa kanisani kwa mama yake. "Papa Coach, sisi tuko machampioni," alisema, bila furaha yoyote. "Machampioni batabaki chini juu ya sababu gani?" Hata Destin, mshambuliaji wao mdogo wa miaka ishirini na nne, ambaye Égide alimtegemea kwa uvivu wake, alisema atabadilisha shifti ili aje mazoezini. Kila mtu aliyefuatwa ili akatae alibaki amekubali zaidi kuliko kabla hajafuatwa.

Mkewe, Thacienne, alimsikiliza akimaliza kueleza haya yote huku akianika nguo. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na nyumbani ndiye aliyefua jezi.

"Baba Elvire," alisema, "mwaka jana mara sita umeniletea jezi zikiwa zimekunjwa vilevile nilivyozikunja mimi. Unadhani sijui mlishinda vipi? Waambie watu ukweli mrudi kwenye daraja lenu."

"Wanaujua ukweli. Walikuwepo."

"Basi nani hajui?"

Thacienne mwenyewe akamtajia jina la shemeji yake, Callixte, akaendelea kuanika.

Mkutano ulifanyika mwezi wa pili, kila mtu kwake mbele ya simu au kompyuta, kwa kuwa madarasa yaliruhusu watu wachache. Madam Lorraine alikuwepo, na katibu wa ligi, Bwana Prescott, na wachezaji kumi na wanane katika vidirisha vyao, mmoja akiwa ndani ya basi. Égide alikuwa amevaa tai. Usiku wa jana yake alikuwa ameamua, na asubuhi alikuwa bado ameamua. Alipopewa nafasi alivuta pumzi akasema yote. Alisema kwamba ubingwa ule ulitoka mezani na si uwanjani. Alisema kwamba hakuna aibu kukaa mahali unapotosha. Alitikisa kichwa, alinyoosha mikono, aligonga meza, na alipofika kwenye jina la kaka yake machozi yalimlenga akalazimika kusimama kidogo. Ilimchukua dakika tatu. Hakuwahi kusema vizuri namna ile kwa Kiingereza wala kwa lugha yoyote.

Watu walikuwa wakipiga makofi. Madam Lorraine alikuwa akijifuta macho.

"Coach," alisema Bwana Prescott kwa upole, "sauti yako ilikuwa imezimwa. Lakini tumeona. Tumeona kabisa. Unaweza kurudia kwa kifupi?"

Égide aliwatazama wote wale katika vidirisha vyao. Alitafuta ile hotuba, haikuwepo tena.

"Nimesema," alijibu, "tuko tayari."

Kura zilikuwa kumi na nane kwa sifuri.

Msimu ulianza mwezi wa nne. Mechi ya kwanza ilichezwa nyumbani Doonside, na wapinzani waliteremka kwenye basi lao wenyewe wakiwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kubeba chupa za maji. Walivaa vifulana vyenye vifaa vya kupima kila hatua waliyopiga. Égide alikuwa na daftari. Merribrook walifungwa saba bila. Wiki iliyofuata tano bila, iliyofuata tisa moja. Lile bao moja alilifunga Destin kwa mguu asiouzoea. Rafiki yake alilirekodi, na likafika Goma na Uvira kabla wachezaji hawajavua njumu. Zile tisa hakuna aliyezirekodi. Mwisho wa mchezo kocha wa upande wa pili, kijana mstaarabu sana, alimjia Égide akamshika mkono na kumwambia kwamba timu yake ina moyo. Égide alitamani yule kijana amtukane tu.

Jumapili Callixte alipiga simu. "Ligi kuu inakwendaje?"

"Ngumu. Tunapambana."

"Jana mlitoka ngapi ngapi?"

Mtandao wa Doonside, ambao ulikuwa mzuri, ukaharibika.

Kitu ambacho Égide hakukitegemea kilikuwa hiki: watu walizidi kuja. Alikuwa ameshajiandaa kwa kumi, kisha saba, kisha aandike barua ya kujitoa kwa heshima. Badala yake wakafika kumi na wawili, kumi na wanne. Waliulizana kazini nani amecheza dhidi ya yule beki aliyewahi kujaribiwa Ulaya, na waliokuwa wamepitwa naye walisimulia kwa fahari jinsi alivyowapita. Dieudonné aliacha sigara. Mbuvi alijifunga goti na kudaka kama mtu anayezuia mvua kwa mikono, akaokota mipira wavuni, akairudisha katikati, na Jumanne akawa wa kwanza mazoezini. Aliyeumia ni Égide peke yake. Alikaa na daftari lake, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya wakati wa kufungwa, akaanza kutazama.

Alitazama wiki saba. Aliona kwamba timu hizi zilizofundishwa vizuri zilicheza kwa kuamini sana utaratibu: kila mpira lazima upite kwa kiungo mmoja wa katikati, kama kila karatasi chuoni ilivyolazimika kupita kwa Madam Lorraine. Akikosekana yeye, wengine walisimama wakitazamana.

Mechi ya nane ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, ugenini, upande wa Bankstown. Thacienne alikuwa na mapumziko, akaja kutazama kwa mara ya kwanza, amejifunga kitenge juu ya koti. Kabla ya mchezo Égide alimvuta Dieudonné pembeni.

"Unamwona yule namba nane? Leo huchezi mpira. Wewe kaa naye. Akienda kulia, nenda. Akifunga kamba ya kiatu, wewe simama hapo umsubiri."

"Na mpira?"

"Achana nao."

Dieudonné alikaa naye. Dakika ya ishirini namba nane alianza kumlalamikia refa kwamba anafuatwa, refa akamwambia kufuatwa si kosa. Mipira ikaanza kupotea. Destin alipata mmoja akakimbia nao, akafunga. Wapinzani walisawazisha kabla ya mapumziko, lakini kipindi cha pili, kwenye kona, beki mmoja Msudani aliruka juu ya watu wote na kuupiga mpira wavuni kwa kichwa. Mbili moja. Ilibaki nusu saa, nayo ilikuwa ndefu kuliko yote aliyowahi kuishi. Mbuvi aliokoa kwa mikono, kwa magoti, mara moja kwa uso. Dakika ya mwisho kabisa wakasawazishiwa.

Sare, mbili mbili. Wachezaji wa Merribrook walilala chini, na Égide aligundua kuwa alikuwa amesimama ndani ya uwanja, mahali asiporuhusiwa. Jezi zilikuwa tope tupu. Thacienne alizitupia kwenye mfuko moja moja, akitabasamu. Jioni ile Égide alitaka kumpigia Callixte. Akaona asubiri, wiki ijayo huenda watashinda, atampa zote mbili kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Sydney ilifungwa. Watu waliambiwa wakae ndani, kwanza wiki mbili, kisha nyingine, na kufika mwezi wa nane vitongoji vya magharibi vilikuwa na kanuni zao peke yao. Askari jeshi walipita mitaani, na mtu wa Doonside hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani kwake bila kibali.

"Kibondo zilikuwa nne," Égide alimwambia mkewe. "Wametuongeza moja."

Safari hii kibali alikipata kwa simu, katika dakika mbili. Mara moja kwa wiki alipanda treni tupu hadi Westmead, akafungua chuo kisicho na watu, akapita kila chumba akifungulia mabomba ili maji yasilale kwenye mifereji. Maji yakiwa yanamwagika alipangusa vumbi. Kikombe kilikuwa sasa ndani ya kabati la kioo karibu na lifti, na chini yake Madam Lorraine aliweka kibao cha shaba.

Hapo ndipo ilipomkuta barua ya ligi, akiwa na kitambaa mkononi. Bwana Prescott aliandika kwamba msimu wa 2021 umefutwa. Hautakuwa na bingwa, hakuna timu itakayopanda wala kushuka, na matokeo yote ya mechi zilizokwisha chezwa yameondolewa kwenye kumbukumbu, yahesabiwe kana kwamba hazikuchezwa.

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa nafuu kubwa. Saba bila, haikuwepo. Tisa moja, haikuwepo. Alicheka peke yake. Kisha alifikiria Bankstown. Nayo haikuwepo. Dieudonné hakumfuata mtu, Mbuvi hakuokoa kwa uso, yule Msudani hakuruka. Kitu kimoja alichowahi kukifanya kwa akili yake mwenyewe katika mpira, akiwa na miaka hamsini na miwili, kilikuwa kimefutwa kwa aya moja. Na zile mechi sita alizosimama akitazama saa ya refa zilikuwa mbele yake ndani ya kioo, na kazi yake ilikuwa kuzifuta vumbi.

Alikaa kwenye ngazi akampigia Callixte. Sydney ilikuwa alasiri, Bujumbura asubuhi.

"Kaka, ule ubingwa," alisema. "Wenzetu hawakuja uwanjani. Mara sita."

Égide alisikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani.

"Najua," alisema Callixte. "Binti wa jirani alinifungulia ukurasa wa ligi yenu, wiki ileile. Tatu bila, tatu bila, tatu bila. Mimi nimecheza mpira miaka kumi na miwili, bwana. Timu inayoshinda tatu bila mara sita haipo duniani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshatangaza mtaani."

Égide akasema, bila kujua kwamba angesema, kuwa mwezi wa sita walitoka sare ya mbili mbili na timu ya pili kwenye msimamo, ugenini, ila imefutwa.

"Mbili mbili? Mlifanyaje?"

Égide akamweleza habari za namba nane. Callixte akauliza nani aliziba nafasi aliyoiacha nahodha. Akaeleza. Callixte akasema hapana, pale angemshusha winga wa kulia. Égide akasema winga wa kulia hakuwa na mbio za kurudi. Callixte akasema basi kocha alikuwa na haki. Waliongea karibu saa nzima, na mabomba ya ghorofa ya pili yalimwagika muda wote huo.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata timu ilikutana ana kwa ana, darasani, katikati ya yale masanamu ya plastiki, kuamua kama ibaki juu au iombe kushuka. Égide alisimama. Alisema kwamba mwaka jana hakutaka wapande, na kwamba aliona haya kusema.

"Tulijua," alisema Mbuvi.

"Mlijuaje? Sauti ilikuwa imezimwa."

"Coach, mikono yako ilikuwa inakataa. Kichwa kilikuwa kinakataa. Mimi nilikuwa nangoja tu uwashe sauti useme, nami nikuunge mkono. Golikipa ni mimi! Unadhani nilitaka tisa?"

Dieudonné naye alikuwa akingoja. Destin pia. Kumbe watu kumi na wanane walikuwa wamekaa mbele ya simu zao wakimwomba Mungu Kocha akatae, na aliposema wako tayari, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeogopa. Darasa zima lilicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Walijadili saa mbili. Safari hii kila mtu alisema alichofikiri, na waliotaka kushuka walikuwa na hoja nzuri kuliko waliotaka kubaki. Mwishoni, kwa kura kumi na tatu dhidi ya sita, walibaki. Ndipo Madam Lorraine, aliyekuwa amechelewa, alipoingia na jibu la Bwana Prescott: isingewezekana kushuka kwa vyovyote vile, kwa kuwa Merribrook, kwa mujibu wa kumbukumbu za ligi, haijafungwa mechi hata moja katika daraja la kwanza. Alikuwa tayari ameliweka jambo hilo kwenye kipeperushi.

Mwaka 2022 mvua zilinyesha Sydney kama ambavyo hakuna aliyekumbuka, na mechi nyingi ziliahirishwa kwa mafuriko. Zilizochezwa, Merribrook walifungwa nyingi, wakatoka sare mbili, wakashinda tatu. Walimaliza wa tisa kati ya kumi, juu kidogo ya chuo kimoja chenye wachezaji wanane wa kufadhiliwa. Mbuvi aliacha kudaka kwa amri ya daktari akawa msaidizi wa Égide, kazi aliyoifanya kwa kupiga kelele.

Mwisho wa msimu Madam Lorraine alimsimamisha Égide karibu na lifti, uso ukiwa na wasiwasi wa kweli. "Coach, sitaki kukushinikiza. Lakini kuna kitu kimepungua? Mwaka ule wa korona tulikuwa wazuri sana."

"Mwaka ule, Madam, wapinzani wetu walikuwa hawapo."

Madam Lorraine alicheka, akampiga kidogo begani, akasema kwamba unyenyekevu wake ndio unaomfanya kuwa kocha wa aina yake.

Jumanne iliyofuata walifika mazoezini watu ishirini na mmoja. Wawili walichelewa, na Égide akawarudisha nyumbani, jambo ambalo katika miaka sita ya ukocha hakuwahi kuwa na watu wa kutosha kulifanya.